Bolti Nane za Mota

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kimetazamana na karakana ya Mota, na kati yetu kuna barabara ya vumbi isiyozidi hatua kumi na mbili. Kwa miaka kumi na tisa nimesikia kila nyundo iliyopigwa pale, na kila mtu aliyepigwa. Mengi ya haya niliyaona kwa macho. Mengine alinieleza mwenyewe siku aliyoniletea oveholi zake nizitie viraka, akakaa kwenye benchi langu mpaka jua likazunguka ukuta.

Mota si jina alilopewa na mama yake. Alilipata akiwa msichana wa miaka tisa, alipofungua mota ya kipangusio cha kioo cha gari la mteja, akaifunga tena, ikazunguka vizuri kuliko mwanzo. Baba yake alimpiga kwa kuigusa. Kisha akampiga tena kwa sababu skrubu moja ilibaki sakafuni. Ndivyo mzee yule alivyofundisha. Nyuma ya mlango alitundika mkanda wa feni, ule mnene wa injini ya lori, na huo ndio uliokuwa mwalimu. Ukikosea namba ya spana, mkanda. Ukiuliza swali mara mbili, mkanda. Ukiangusha kitu hakungoja kuufuata msumarini, alikurushia alichokuwa nacho mkononi. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto wa Mota hakikunji mpaka leo. Spana ishirini na nne ilikikuta juu ya meza ya chuma akiwa na miaka kumi na miwili.

Aliyemkinga ni kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka minne. Kikivunjika kitu, kaka alijitokeza kabla mzee hajauliza. "Ni mimi, baba." Kisha akageuza mgongo. Siku moja Mota aliangusha taa ya mbele ya gari la mwalimu mkuu, ikawa unga. Kaka alikula mkanda mpaka shati likagandana na ngozi, na mama akalibandua kwa maji ya uvuguvugu, kipande kwa kipande. Akiwa amelala kifudifudi, kaka alimwambia mdogo wake, "Wewe jifunze kazi. Mimi nitapigwa."

Basi wakagawana hivyo. Mmoja akachukua ufundi, mwingine akachukua kipigo. Tatizo ni kwamba kipigo nacho ni elimu, na kaka mtu alihitimu. Alipofika miaka ishirini hapakuwa na kijana mtaa wetu ambaye hajaonja ngumi yake. Alimvunja dereva mwenzake taya kwa sababu ya kuegesha. Alimtupa kondakta dirishani. Walimwita Breki, kwa maana ndicho kitu pekee ambacho hakuwa nacho. Lakini kwa mdogo wake hakuwahi kuinua hata sauti. Watu walilijua hilo: ukitaka Breki atulie, mwite Mota.

Baba yao alikufa kifo cha kujitakia. Asubuhi alimrushia mteja jeki, mteja akakwepa, jeki ikagonga ukuta ikavunjika shingo. Mchana akalazimika kuliegemeza lori juu ya mawe. Jiwe moja likapasuka. Breki na Mota ndio waliomvuta kutoka chini, mmoja mguu huu mmoja mguu ule, na niliwaona wameketi kando yake, oili na damu vimewatapakaa hadi viwikoni, hakuna anayelia. Mama yao alifua nguo zote za marehemu, akazianika, akazigawa. Mkanda wa feni aliuacha palepale msumarini. Sijui kwa nini. Labda alisahau kuwa ni wa kupigia.

Karakana ikawa ya Mota. Mwanzoni wateja walimwuliza, "Fundi yuko wapi?" naye akiwa amelala chini ya gari lao. Alinyoosha mkono tu na kudai spana. Baada ya miaka mitatu walitoka mbali kumtafuta. Alikuwa na mashine ya kuchongea vyuma iliyopinda kidogo upande mmoja, na alikuwa ameizoea kama mtu anavyomzoea mume mwenye kigugumizi. Hakuolewa. Wapo waliojaribu, lakini ni nani angemchumbia mwanamke ambaye kaka yake ni Breki?

Siku za kazi Breki aliendesha lori la saruji. Jumapili alasiri alikwenda barabara ya machimbo. Ni barabara ya lami, imenyooka kama rula, ilijengwa kwa ajili ya malori ya kokoto kabla machimbo hayajafungwa. Mwishoni ina kifusi cha mawe. Vijana wenye magari hukutana pale, wawili wawili, kuonyeshana nani zaidi. Breki alikuwa na gari dogo jekundu alilolinunua kwa bei ya kutupa kwa watu wa bima baada ya ajali, Mota akalinyoosha. Kwa muda mrefu hakuna aliyelishinda, mpaka alipokuja muuza nyama.

Huyu tulimwita Bucha. Mtu mpole dukani, anakukatia nyama huku akikuuliza habari za watoto, lakini ana mikono kama mapaja. Alinunua gari kubwa lenye injini ya silinda sita, na Jumapili tatu mfululizo alimwacha Breki akila moshi. Jumapili ya tatu Breki alishuka akisema Bucha aliondoka kabla bendera haijashushwa. Bucha akacheka. Breki akamtukania mama. Bucha akampiga kofi moja, mbele ya watu wote, kofi la mkono wazi kama anayempiga mtoto. Breki alimrukia akamng'ata bega, meno yakaingia. Ndipo Bucha alipomshika kisogo na kumkandamiza uso juu ya boneti ya moto ya gari lake mwenyewe, lililotoka kukimbia, na kumshikilia pale huku ngozi ikilia, mpaka wenzake walipomng'oa.

Jumatatu asubuhi Breki aliingia karakana shavu la kulia limevimba malengelenge. Mota alitaka kuligusa, akamsukuma mkono.

"Dada, nataka injini."

"Unayo injini."

"Hii ni cherehani."

Mimi niliyekuwa ng'ambo nikakohoa. Hakuna aliyenitazama.

"Nataka yenye nguvu," Breki akasema. "Ya kumfanya yule mbwa aone taa zangu za nyuma mpaka azikariri."

Mota alitazama uani. Naye kumbe wazo alikuwa nalo siku nyingi, na hili alinikiri: hakukubali kwa ajili ya shavu la kaka yake peke yake. Alikubali kwa sababu alitaka kujua kama inawezekana.

Uani kulikuwa na mizoga miwili ya magari ya ukoo mmoja. La kwanza lilikuwa gari la familia, injini yake ina tumbo kubwa, pistoni zinapanda na kushuka mwendo mrefu, ina misuli ya kuvuta lakini hedi yake, yaani kichwa chake, ni nzito, haipendi kukimbia. La pili lilikuwa gari dogo la vijana. Tumbo lake dogo, ila hedi yake ni ya ajabu: ina namna mbili za kufungua valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Mota alinieleza hivi: "Namna ya kwanza ni ya kwenda sokoni. Ya pili ni ya kukimbizwa na simba." Alitaka kuchukua tumbo la ile na kichwa cha hii, ayafunge yawe injini moja.

Ukiyaweka juu ya meza utadhani yalizaliwa pamoja. Matundu ya bolti yanakubaliana, njia za maji zinakubaliana. Kinachokataa ni oili. Ile hedi inahitaji oili yenye msukumo ili ibadilike kutoka sokoni kwenda kwa simba, na bloki ile nyingine, yaani lile tumbo, haina njia ya kuipeleka. Mota aliziba tundu moja la hedi kwa skrubu na gundi ya chuma, akatoboa jingine ubavuni, akavuta bomba la chuma kutoka pale oili inapopimwa msukumo kwenye bloki hadi juu. Vile vipini viwili vinavyoshika hedi mahali pake havikulingana unene, akachonga vikombe vidogo kwenye mashine yake iliyopinda. Akachukua udongo wa kuchezea watoto, akaubandika juu ya pistoni, akafunga, akazungusha injini kwa mkono, akafungua tena, akaukata ule udongo kwa wembe na kuupima, ajue kama valvu na pistoni zitapishana au zitagongana. Zilipishana kwa unene wa ukucha. Alicheka peke yake. Katika miaka yote ile sikuwa nimemsikia akicheka.

Breki alikuja kila jioni baada ya lori. Alisimama juu ya kichwa chake. "Bado tu?" Siku moja aliipiga teke ndoo ya nati, zikatawanyika hadi barabarani, Mota akapiga magoti kuziokota moja moja. Siku nyingine alimshika ukosi mteja aliyekuja kuuliza gari lake, akamtoa nje akimburuta. "Dada yangu ana kazi!" Mota alimtazama tu. Alisema baadaye kwamba siku ile aliona shingo ya kaka yake ikivimba pembeni, mshipa uleule, mahali palepale ulipokuwa ukivimba wa mzee.

Jambo moja halikuwa tayari. Ndani ya injini kila pistoni inashikwa na mkono wake, tunauita konrodi, na kila konrodi inashikwa na bolti mbili. Silinda nne, bolti nane. Mikono ya ile injini ya familia haikuundwa kukimbizwa na simba. Pistoni ikienda mwendo mrefu kwa kasi ile, inavuta bolti kama ng'ombe anavyovuta kamba. Mota aliagiza bolti nane ngumu kutoka mbali, zikawa njiani. Wakati akizingoja alifunga zile za zamani, ili injini ilainike kwa mwendo wa taratibu. Akaweka pia kizuizi: mshale wa mizunguko ukifika elfu tano na nusu, umeme wa plagi unakatika, gari linakohoa, haliendi zaidi. Alimwambia Breki kuhusu kizuizi. Kuhusu bolti alimwambia tu, "Kuna vifaa vinakuja," na Breki akajibu, "Vifaa, vifaa, kila siku vifaa," akaondoka.

Injini iliwaka Alhamisi mchana. Mabati ya kibanda changu yalitetemeka. Breki alilizungusha gari mtaani, akarudi uso unang'aa, akambeba dada yake juu juu kama mtoto. Ijumaa alikwenda nalo barabara ya machimbo, peke yake. Jumamosi asubuhi akarudi uso umebadilika.

"Linakohoa."

"Nilikwambia, kaka. Ni kizuizi. Wiki mbili tu."

"Kesho ndiyo siku yangu. Nimeshamwambia Bucha mbele ya watu. Kitoe."

"Wiki mbili, kaka."

"Kitoe, Mota!"

"Sikitoi."

Nilikuwa napima suruali ya mteja. Nilisikia mlango wa karakana ukigonga ukuta, nikageuka. Mkanda haukuwa msumarini tena. Ulikuwa mkononi mwa Breki. Alimpiga wa kwanza begani, na nadhani yeye mwenyewe alishtuka, maana alisimama. Kama Mota angelia labda angeacha. Mota hakulia, alimtazama tu machoni. Basi akampiga wa pili, na wa tatu, na baada ya hapo hakuwa anahesabu. Alimpiga mgongoni, kwenye mapaja, alipojikunja akampiga kwenye mikono iliyofunika kichwa. Kila pigo lilisikika kama mlango unaobamizwa. "Unanidharau? Unanidharau mimi? Nani alikuwa anapigwa? Nani?"

Nilisimama na mkasi mkononi. Barabara hatua kumi na mbili. Sikuvuka. Naliandika hili kwa sababu nikiliacha, yote niliyoyasema juu ya wengine yatakuwa umbea.

Alipochoka, Breki aliutupa mkanda. Alikuwa anahema. Mota aliinuka akishikilia tairi, damu ikimtoka kwenye kifundo cha mkono.

"Unataka kitoke?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza mteja.

"Kitoke."

"Sawa, kaka."

Alifungua boneti, akakata waya mmoja, akafunga mwingine. Haikuchukua dakika tano. Breki aliketi kwenye pipa la oili akitazama mikono yake. Mwishoni akauliza, kwa upole, karibu kwa aibu, "Kuna kingine kilichobaki?"

Mota akashusha boneti.

"Hakuna kingine."

Jumapili mchana nilikuwa nakula kibandani. Mota aliingia akichechemea, mkono umefungwa kitambaa. Hakusalimia.

"Fundi, pikipiki yako ina mafuta?"

"Yapo. Kuna nini?"

"Nipeleke machimbo."

Tulipopita stendi alinishika shati kwa mikono miwili. Kisha akanipiga bega kwa ngumi. "Kimbiza! Kimbiza, baba, atakufa!" Hapo ndipo aliponipigia kelele sikioni habari ya zile bolti, upepo ukinikatia nusu ya maneno.

Tulifika bendera ikiwa juu. Mota aliruka kabla sijasimama, akaanguka, akainuka akikimbia, akipunga mikono miwili. "Kaka! Kaka, zima!" Watu walidhani anashangilia. Wakashangilia pamoja naye.

Bendera ikashuka.

Nimesikia magari mengi maishani, sijasikia lile tena. Mwanzoni Bucha alitangulia kwa urefu wa gari zima. Kisha injini ya Breki ikabadilisha sauti, ikaacha kunguruma ikaanza kupiga yowe, yowe jembamba la kukata bati, na gari jekundu likaruka kama limerushwa kwa manati. Lilimpita Bucha kana kwamba Bucha ameegesha. Nilimtazama Mota. Alikuwa amesimama kinywa wazi, machozi yanamtoka, na nisingependa kusema lakini nilichokiona usoni mwake kilikuwa furaha. Mwenyewe alinikiri. Kwa pumzi moja alisahau bolti, akasahau mgongo, akawa anahesabu mizunguko kwa sikio: elfu saba, saba na nusu, nane.

Kisha mlio mmoja, kama nyundo juu ya fuawe.

Konrodi ya tatu ilikatika bolti, ikatoka ubavuni mwa bloki ikiwa na kipande cha chuma kama ngumi, na oili yote ikamwagika chini ya matairi. Gari liligeuka ubavu, likateleza, likabingirika mara mbili, likakita kwenye kifusi cha mawe. Mbele yote ikarudi nyuma ikamkuta Breki miguuni. Oili iliyogusa bomba la moshi ikashika moto.

Bucha ndiye aliyefika kwanza. Aligeuza gari lake hata halijasimama sawasawa, akashuka, akapasua kioo kwa kiwiko, akaingiza mikono yote miwili kwenye moto akamshika Breki makwapani. Mota alishika kiuno cha Bucha akavuta. Mimi nilimshika Mota. Tukavuta kama watu wanaong'oa mti, na Breki alipotoka alitoka akipiga mayowe, na mguu wake wa kushoto ulibaki ukifuata kwa ngozi tu. Tulimlaza kwenye majani. Akafungua macho, akaona sura ya Bucha juu yake, akakunja ngumi akampiga nayo mdomoni.

"Huyu mzima," Bucha akasema, akatema jino. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, jinsi ilivyokuwa, akakaa chini akaanza kulia.

Mguu walimkata chini ya goti Jumatatu. Jumatano nilimpeleka mama yake hospitali. Tulikuta marafiki wanne wa Breki wamezunguka kitanda. Breki alikuwa na homa na alikuwa na hadithi: Bucha alimtuma mtu akatia mchanga kwenye oili. Injini ya dada yake haiwezi kuvunjika yenyewe. Kwa imani hiyo wale wanne, jana yake, walikuwa wameshavunja vioo vya bucha na kumpiga mwenye duka mateke, mtu ambaye mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi mabegani na hangeweza hata kujikinga uso. Sasa walikuwa na kidumu cha petroli nje, kwenye buti ya gari.

"Malizeni," Breki aliwaambia. "Duka na nyumba."

Mota alikuwa ameketi miguuni pa kitanda siku tatu hizo, hali, halali. Akainuka akasimama mlangoni.

"Hakuna aliyetia mchanga," akasema. "Bolti zilikuwa za zamani. Nilijua zitakatika. Alipouliza kama kuna kilichobaki nilimwambia hakuna. Ni mimi."

Mama alitoa sauti ndogo kama mtu aliyejichoma sindano. Wale vijana walitazamana. Breki alimtazama dada yake. Mkono wake ukafika kwenye beseni la chuma ambalo nesi aliliacha kando na mikasi yake ya vidonda. Alilirusha kwa nguvu zote zilizombakia. Lilimkuta Mota juu ya jicho, likapasua ngozi hadi mfupa.

Hakukwepa. Angeweza kukwepa, niliona.

Nesi aliyekuja mbio alimshona nyuzi saba pale pale kwenye korido. "Mkimaliza kuuana mniambie," alisema, "nina wagonjwa wengine." Wale vijana wanne waliondoka mmoja mmoja, kichwa chini. Kidumu cha petroli nilikuta wamekiacha langoni, kimesimama peke yake kama mtu anayengoja basi.

Wiki iliyofuata Mota alikwenda kwa Bucha kuomba radhi. Alimkuta kwenye kiti mbele ya duka lenye mbao badala ya vioo, mke wake anamlisha kwa kijiko. Alimweleza yote. Bucha alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada, ningekupiga," akasema, "ila unaona hali ya mikono. Ungekuja mwezi ujao."

Hata mke wake alicheka, kisha akalia. Mota aliingia nyuma ya duka, akakuta friji ya nyama imekufa tangu siku ya fujo, akaifungua mota yake akaitengeneza. Alikwenda pale kila Jumamosi mwaka mzima, bila kuitwa, akanoa visu, akaning'iniza nyama ambayo mwenyewe hakuweza tena kuinyanyua. Vidole viwili vya Bucha havikurudi.

Zile bolti nane mpya zilifika mwezi mmoja baada ya ajali, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Mota alizifungua, akazipima, zilikuwa sawasawa. Akazitia kwenye injini ya pampu ya maji ya shule, ambayo haikuhitaji nusu ya ugumu wake.

Breki alikaa nyumbani kwa mama. Wote watatu waliishi nyumba moja, wakila sahani moja, na kwa mwaka na miezi miwili kaka hakumsemesha dada. Akitaka chumvi alimwambia mama, na mama, aliyeketi katikati yao, akamwambia Mota.

Kisha asubuhi moja nilimwona Breki anakuja barabarani na magongo, jasho linamtiririka. Aliingia karakana akaketi kwenye pipa la oili. Safari hii niliacha cherehani nikavuka barabara, nikasimama mlangoni, sikujificha.

"Ulitaka nife?" akauliza.

Mota aliweka chini alichoshika. "Sikutaka ufe. Nilitaka upigwe." Alifuta mikono kwenye oveholi. "Nilitaka kitu kikupige, kaka. Mimi nisingekufikia."

Breki alitazama pale mguu wake ulipokuwa. "Basi kimenifikia."

"Ndiyo."

"Mimi nilipigwa kwa ajili yako miaka kumi."

"Najua. Nami sikukuomba." Kisha akasema, "Na nilifurahi ulipokuwa unapigwa wewe si mimi. Hilo nalo ulijue."

Nilidhani atanyanyua gongo. Vidole vilikaza mpaka vikawa vyeupe. Gari moja likapita nyuma yangu, likatuletea vumbi.

"Ilikuwa inakwenda," Breki akasema mwishowe.

"Elfu nane," Mota akasema. "Niliisikia."

"Nane na mia mbili. Niliuona mshale."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Sasa ana meza yake karibu na dirisha, anasaga valvu na kusafisha kabureta, kazi za kuketi. Bado ana mdomo mchafu, na wateja wapya humwogopa mpaka waone magongo. Mara moja, mbele yangu, walibishana juu ya gasketi, akainua mkono. Mota hakurudi nyuma wala hakuinua wake. Alisema tu, "Kaka, nenda nyumbani leo." Breki akachukua magongo yake, akaenda zake akilaani njia nzima. Kesho yake saa mbili alikuwa mezani kabla dada yake hajafungua lango. Sijui aliruka vipi ukuta kwa mguu mmoja.